"Ngoja Miezi Sita, Itajirekebisha Yenyewe": Uongo Tunaoambiana Kuhusu Barua ya Kuachishwa Jeshi la Marekani

Alikuja Jumapili mchana, theluji ikiwa bado kwenye viatu, na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Akaiweka mezani kati ya thamosi ya chai na sahani ya mandazi, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja. "Soma mwenyewe, Mjomba. Mimi nilifukuzwa kwa fedheha."

Ndani mlikuwa na DD-214, ile karatasi moja ambayo kila askari wa Marekani hupewa anapotoka. Nikashuka hadi kisanduku namba 24, panapoandikwa sifa ya utumishi. Hapakuwa na neno fedheha. Palikuwa na daraja ya pili, ya jumla, chini ya masharti ya heshima. Kisanduku namba 28, cha sababu, kilisema utovu wa nidhamu wa kurudiarudia. Kijana alikuwa ameishi na aibu isiyokuwa yake kwa miaka minne, na miaka hiyo aliipoteza kwa sababu sajini aliyemsainisha alimwambia asihangaike, baada ya miezi sita itabadilika yenyewe.

Sitaki kumlaumu sana huyo sajini. Huenda naye aliambiwa hivyo hivyo. Lakini kwa sisi tulio Minnesota, Texas na Massachusetts, ambao vijana wetu wengi wameingia jeshini humu, uongo huu unazunguka kwenye harusi na matanga bila mtu wa kuukata.

"Ukikaa miezi sita, inapanda kuwa ya heshima"

Hakuna sheria ya namna hiyo. Barua haipandi kwa sababu ya muda, iwe miezi sita au miaka sita. Inapanda mtu anapoandika maombi, akaambatisha ushahidi, na bodi ikakubali.

Zipo nyakati chache ambapo Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, yenyewe ilifungua mafaili bila kuombwa. Mwaka 2023 ilianza kupitia mafaili ya walioondolewa kwa kuwa mashoga au wasagaji chini ya sera iliyofutwa Septemba 2011, na kufikia Oktoba 2024 ilitangaza kwamba watu zaidi ya 800 wamepandishwa hadi heshima. Hao ni kundi maalumu. Kijana aliyeachishwa kwa kuchelewa paredi hatafutwi na mtu.

"Kama si ya heshima, basi ni ya fedheha"

Hili ndilo lililomtesa mgeni wangu. Kuna ngazi tano za kawaida, na umbali kati ya moja na nyingine ni mkubwa. Juu kabisa ni ya heshima. Ya pili ni hiyo ya jumla. Ya tatu hutolewa na makamanda bila mahakama na huhesabiwa kuwa nje ya masharti ya heshima. Wengi huipata kwa kukubali kuondoka ili wasishtakiwe. Ya nne, ya mwenendo mbaya, na ya tano, ya fedheha, haziwezi kutolewa bila mahakama ya kijeshi. Fedheha yenyewe inataka mahakama ya ngazi ya juu kabisa. Kama hukuwahi kusimama mbele ya hakimu wa kijeshi, wewe si mtu wa fedheha. Acha kujiita hivyo.

Walioondolewa mapema kabisa, wakiwa bado mafunzoni, mara nyingi huandikiwa kwamba utumishi wao haukupewa sifa yoyote. Hiyo nayo si fedheha.

Mwenye ya jumla hutibiwa na Idara ya Maveterani, ile tunayoiita VA, anaweza kulipwa fidia ya ulemavu, na anaweza kupata mkopo wa nyumba. Anachokosa, na ndicho kilichomleta kijana kwangu, ni karo ya chuo. Mpango wa masomo wa baada ya Septemba 11 unataka heshima kamili. Alitaka kusomea uuguzi, akanyimwa.

Jambo dogo la karatasi: DD-214 hutoka kwa nakala kadhaa. Nakala fupi haionyeshi sifa wala sababu. Ile inayoonyesha kila kitu ni nakala ya nne ya askari. Watu wanapiga picha nakala fupi na kunitumia kwa WhatsApp, kisha wananiuliza barua yao ni ya aina gani. Siwezi kujua.

"Jeshi likishasema, limesema"

Agosti 1906, mjini Brownsville, Texas, risasi zilipigwa usiku na mtu mmoja akafa. Lawama ikawaangukia askari weusi wa kikosi cha 25 cha miguu. Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza bila heshima askari 167 kwa mkupuo. Mwaka 1972 jeshi lilibadilisha barua zao zote kuwa za heshima, wengi wao wakiwa kaburini. Mmoja aliyekuwa hai, Dorsie Willis, alikuwa amepiga watu viatu rangi kwa zaidi ya nusu karne, hapa hapa Minneapolis. Alilipwa dola 25,000.

Halafu kuna barua za bluu, zilizoitwa hivyo kwa rangi ya karatasi. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 jeshi la nchi kavu lilitoa 48,603. Kati ya hizo, 10,806 walipewa weusi, zaidi ya moja katika kila tano, ilhali weusi hawakufika hata asilimia 7 ya jeshi. Sheria ya maveterani ya 1944 ndiyo iliyoanzisha bodi za kupitia barua za kuachishwa. Bodi ziliwekwa kwa sababu wabunge wenyewe walijua makamanda hukosea, na wakati mwingine hukosea kwa makusudi. Novemba 2023 jeshi lilifuta hukumu za askari weusi 110 walioshtakiwa kwa ghasia za Houston za mwaka 1917, wakiwemo 19 walionyongwa. Miaka 106 baadaye!

"Miaka 15 ikipita, mlango umefungwa"

Milango ni miwili na watu huichanganya. Wa kwanza ni bodi ya mapitio. Kila jeshi lina yake, isipokuwa wanamaji na marini wanaotumia moja, na jeshi la anga na lile la anga za mbali wanaotumia nyingine. Fomu yake ni DD-293 na mwisho wake ni kweli miaka 15 tangu kuachishwa. Bodi hii haigusi barua zilizotolewa na mahakama ya kijeshi ya ngazi ya juu.

Wa pili ni bodi ya kurekebisha rekodi, fomu DD-149. Hii ina nguvu zaidi: inaweza kubadili sababu, kurudisha cheo, hata kumfanya mtu astaafu kwa ugonjwa. Muda wake ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, lakini sheria inairuhusu kusamehe ucheleweshaji haki ikidai hivyo. Mzee wa Vietnam anaandika leo na anasikilizwa.

Wazee wana shida nyingine. Moto wa Julai 1973 kwenye ghala la kumbukumbu za jeshi karibu na St. Louis uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kama utumishi wako ulikwisha kabla ya 1960 katika jeshi la nchi kavu, huenda faili lako ni majivu. Hapo ndipo barua za zamani, picha na viapo vya mliokuwa pamoja vinapokuwa dhahabu.

"Waeleze umekuwa mtu mzuri, watakuhurumia"

Hapa maombi mengi hufia. Mtu anakusanya barua ya mchungaji, cheti cha kwaya, picha ya watoto. Ni vitu vizuri, na waraka wa Robert Wilkie, aliyekuwa kiongozi katika Wizara ya Ulinzi, wa Julai 2018 unaziambia bodi ziangalie pia jinsi mtu alivyojirekebisha. Lakini bodi inauliza kwanza swali lingine: siku ile ulipoachishwa, utaratibu ulifuatwa? Na kama ulifuatwa, je, adhabu ilikuwa ya haki kwa kosa lile, kwa mtu yule, katika hali ile?

"Hali ile" ndiyo kiini. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliagiza maombi ya wenye kiwewe cha vita yatazamwe kwa jicho la huruma. Agosti 2017 waraka wa Anthony Kurta, afisa wa wizara hiyo, ukapanua jicho hilo hadi waliojeruhiwa ubongo na waliobakwa au kunyanyaswa kingono jeshini. Waraka huo unaweka maswali manne, na ningeshauri mtu ayaandike juu ya karatasi kabla hajaanza kueleza chochote. Je, ulikuwa na hali au uliyapitia mambo yanayoweza kupunguza uzito wa kosa? Ilikuwa wakati ule wa utumishi? Inalipunguza kweli kosa hili hasa? Na je, inauzidi uzito wa sababu za kukuachisha?

Wengi husema, "Lakini mimi sikwenda kwa daktari." Bila shaka hukwenda. Nani kati yetu alilelewa kwenda kumwambia daktari kwamba halali usiku? Waraka unalijua hilo. Unasema maelezo ya askari mwenyewe yanaweza kutosha kuthibitisha kwamba hali ilikuwepo. Unakubali maneno ya mke, ya ndugu, ya mliolala chumba kimoja kambini, ya kasisi. Unataja dalili zisizofanana na ugonjwa hata kidogo: kazi kushuka ghafla, kuomba uhamisho, kuanza kulewa, ndoa kuyumba, kutumia pesa bila mpangilio. Kilichosomwa kama ukorofi kinaweza kusomwa upya.

Nikamuuliza kijana, hizo paredi za asubuhi ulizokosa, ulikuwa wapi? "Kitandani. Nilikuwa napata usingizi saa kumi na moja alfajiri, kengele inalia siisikii." Tangu lini? Akafikiri. "Tangu tulivyorudi Afghanistan."

Miaka minne, na hakuna aliyemuuliza.

"Ukikata rufaa wanaweza kukuongezea"

Hawawezi. Bodi ya mapitio imekatazwa kushusha barua chini ya ilipo. Mbaya zaidi ni kubaki pale ulipo.

"Bila wakili wa dola elfu kadhaa, usijaribu"

Kuwasilisha fomu hakulipiwi. Kaunti nyingi zina afisa wa maveterani ambaye mshahara wake ni kazi hii, na baadhi ya vyuo vya sheria vina wanafunzi wanaoshughulikia kesi hizi bure chini ya walimu wao. Wakili mzuri anasaidia, hasa kama palikuwa na mahakama. Lakini hata kabla ya hapo, ingia mtandaoni usome maamuzi ya bodi. Yanachapishwa baada ya kufutwa majina. Tafuta kesi inayofanana na yako iliyoshinda, uone ushahidi gani uliibeba.

"VA usiwasogelee mpaka barua ibadilike"

VA wana hesabu yao wenyewe. Hata mwenye daraja ya tatu anaweza kuwaomba wapime utumishi wake upya, na wakikubali anapata matibabu ingawa DD-214 haijabadilika hata nukta. Kwa afya ya akili, sheria ya 2018 iliwafungulia wengi wa daraja hiyo waliopelekwa vitani au walioshambuliwa kingono. Na mtu akiwa kwenye hatari ya kujiua, asianze kutafuta karatasi. Aende hospitali yoyote. Tangu Januari 2023 VA hugharimia huduma hiyo ya dharura hata kwa wengi ambao hawajawahi kujiandikisha nao.

"Mimi tayari ni raia, hawanigusi"

Hili ni letu sisi wahamiaji hasa. Wengi walipata uraia kwa njia ya jeshi, maana tangu amri ya Rais ya Julai 2002 mwenye utumishi wa heshima tangu Septemba 11, 2001 anaweza kuomba bila kungoja miaka ya kawaida ya grini kadi. Barua ya jumla inahesabiwa kuwa ya heshima kwa ajili hiyo. Kijana alishusha pumzi niliposema hivyo. Lakini aliyepata uraia kwa njia hiyo, kisha akaachishwa kwa daraja ya tatu au chini yake kabla hajatimiza jumla ya miaka mitano ya utumishi wa heshima, sheria inaruhusu serikali kwenda mahakamani kuuomba uraia huo urudi. Mtu wa namna hiyo ana sababu ya pili ya kukata rufaa, na asiipeleke bila kwanza kukaa na wakili wa uhamiaji. Hapo sitanii.

"Walinikataa mara moja, basi"

Bodi ya mapitio inakupa nafasi mbili, ya kusomewa faili na ya kusikilizwa mwenyewe, siku hizi hata kwa video. Mpangilio una maana: anza na faili, kisha usikilizwe. Ukianza na kusikilizwa, ile ya faili umeipoteza. Baada ya hapo kuna bodi ya rekodi, na kwa walioachishwa tangu Desemba 20, 2019 kuna bodi ya mwisho ya Pentagon inayopitia kazi ya zile mbili. Kisha mahakama ya shirikisho.

Tulijaza kwanza maombi ya faili lake, la utumishi na la matibabu, kwa sababu huwezi kubishana na karatasi usiyoiona. Majibu yalichukua wiki nyingi. Alinipigia usiku, akanisomea kwenye simu ukurasa mmoja wa zahanati ya kambini aliokuwa ameusahau kabisa. Alikuwa amekwenda kwa maumivu ya goti. Chini ya goti, kwa mwandiko wa haraka, muuguzi alikuwa ameongeza kwamba mgonjwa anasema hapati usingizi.

"Tarehe gani?" nikamuuliza.

Akaitaja. Ilikuwa siku 19 kabla ya paredi ya kwanza aliyoikosa.