Muuaji Si Lazima Alie: Dhana Potofu za Waandishi wa Filamu za Uhalifu

Karibu kila skripti ya uhalifu ninayoletewa kuhariri ina ukurasa uleule: muuaji yuko kitandani usiku, jasho linamtoka, anaota maiti, anazinduka akipiga kelele, kisha anasimama mbele ya kioo na kujiuliza, "Nimefanya nini mimi?" Mwandishi akiulizwa, anajibu kwamba bila hivyo mtazamaji hataona nafsi inavyomsuta mtu.

Nafsi haipigwi picha. Mikono inapigwa. Itazameni Blood Simple, filamu ya kwanza ya ndugu Joel na Ethan Coen, ya mwaka 1984, iliyorekodiwa Texas. Ray anaingia ofisini kwa bosi wake Marty, mwenye baa, anamkuta kitini akivuja damu. Sakafuni kuna bastola ya Abby, mke wa Marty, ambaye Ray anatembea naye. Papo hapo anaamini Abby ndiye aliyeua. Halii. Anachukua jaketi na kupangusa damu. Jaketi halinyonyi, damu inazidi kutapakaa. Anampakia Marty garini, na njiani anagundua kwamba bado yuko hai. Hapo angeweza kumkimbiza hospitali. Anamzika hai shambani. Kunakucha, gari linagoma kuwaka, na likiwaka linaacha alama za matairi kwenye udongo uliolimwa. Baadaye damu inapenya kitambaa alichotandika kwenye kiti cha nyuma. Maneno ni machache mno katika sehemu hiyo yote, lakini hakuna mtazamaji asiyeelewa kwamba mtu huyu ameshaharibikiwa.

Ndiyo maana nawasisitizia wote wanaokuja kwangu: andikeni kwanza usafi, mauaji yafuate. Anayesafisha ni nani, kwa kitambaa gani, maji anayatoa wapi, anasahau nini? Ukishayajua hayo, futa machozi yote. Yote kabisa.

Wengine hushikilia kwamba msisimko ni kumficha muuaji hadi mwisho. Mbona kwenye Blood Simple tunamwona waziwazi? Ni mpelelezi binafsi. Marty alimlipa dola 10,000 awaue wapenzi wale, yeye akamgeukia Marty mwenyewe, kisha akasahau kiberiti chake cha gesi mezani, chini ya samaki. Sisi tunajua, wahusika hawajui. Ray anamdhania Abby, na Abby mpaka dakika ya mwisho anaamini anayemwinda ni Marty. Msisimko wote umetoka hapo.

Halafu kuna ile ya "bila maiti hakuna kesi", inayowafanya waandishi watupe mwili baharini na kufunga hadithi. John George Haigh wa Uingereza aliamini hivyohivyo, akayeyusha miili kwa tindikali. Mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, Keith Simpson, alipata mawe ya nyongo kwenye mabaki, pamoja na meno ya bandia ambayo daktari wa meno wa marehemu mmojawapo aliyatambua. Haigh alinyongwa mwaka 1949.

Kuhusu bajeti: Blood Simple iligharimu takriban dola milioni 1.5, na ndugu hao hawakuwa nazo. Walitengeneza trela, yaani kionjo kifupi cha kuitangaza filamu, kabla ya filamu yenyewe, wakaizungusha kwa wawekezaji mmoja mmoja. Wahusika wakuu ni wanne. Mahali pa kurekodia ni baa, nyumba chache, barabara na shamba. Anayeniambia amekwama kwa sababu ya pesa, nataka kwanza anionyeshe trela.