Je, wajua jinsi mwanafunzi alivyopata elektroni-volti 80,000 (kipimo cha nishati ya chembe) kwa umeme wa chini ya volti 2,000, katika mashine iitwayo saiklotroni?

Kuvunja kiini cha atomu kunataka chembe yenye nishati kubwa, na miaka ya 1920 watafiti walihangaika kuipata. Ukipandisha volti mno, umeme huruka na kuunguza vifaa.

Mnorwe Rolf Widerøe, akisomea uzamivu huko Aachen, Ujerumani, alionyesha kwamba chembe yaweza kupewa misukumo midogo mingi badala ya mmoja mkubwa. Ernest Lawrence wa Berkeley, California, aliiona makala yake mwaka 1929. Kijerumani kilimpiga chenga, akasoma michoro. Mabomba ya Widerøe ya kusukumia chembe, yaliyopangwa kwa mstari, yangekuwa marefu mno, akawaza: kwa nini njia isipindwe kwa sumaku, chembe irudi kusukumwa pale pale?

Jaribio la awali la mwanafunzi wake Nels Edlefsen lilitia shaka. Mwaka 1930, Stanley Livingston, aliyepitia vyuo vya Pomona na Dartmouth, akaomba mada ya tasnifu. Akapewa hiyo ya kuthibitisha wazo la Lawrence.

Utamu wote uko hapa. Chembe ikiongeza kasi, duara lake hupanuka. Kasi mara mbili, duara mara mbili. Basi muda wa mzunguko haubadiliki! Umeme unaogeuka upande kwa mapigo yale yale huikuta chembe penye mwanya, yaani pengo inaposukumwa, kila mara, iwe karibu na kitovu au imeshafika ukingoni.

Livingston alitumia kisanduku bapa cha shaba, kipenyo sentimita 11 hivi, kilichozibwa kwa lakiri. Januari 1931 ioni za haidrojeni (chembe zenye chaji ya umeme) zikafika elektroni-volti 80,000. Tuzo ya Nobel ya 1939 alipewa Lawrence peke yake, jambo ambalo mimi naona halikumtendea haki Livingston, aliyeshinda akiziba nyufa za kisanduku.

Hata hivyo, hesabu ile ina ukomo. Chembe ikikaribia kasi ya mwanga, huanza kuchelewa na kupishana na mapigo. Mashine kubwa zikalazimika kuongeza nguvu ya sumaku kadiri nishati inavyopanda, na tatizo jipya likawa mwale, yaani mkondo wa chembe, kutawanyika. Mwaka 1952 Livingston, safari hii akiwa katika maabara ya Brookhaven, Marekani, na Ernest Courant na Hartland Snyder, alisaidia kulitatua: sumaku moja hubana mwale kwa wima na kuutanua kwa mlalo, inayofuata hufanya kinyume, na mwishowe mwale hubanwa pande zote. Ndivyo miale inavyodhibitiwa hadi leo katika mashine ya CERN, maabara ya Ulaya ya utafiti wa chembe, yenye mzingo wa kilomita 27.