Ukinzani wa waya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukinzani ni kiasi ambacho waya huuzuia umeme kupita, na hupimwa kwa omu.

"Waya mnene hupitisha umeme vizuri." Menya ncha yake kwanza. Unaoujaza mkono mara nyingi ni unene wa plastiki, na plastiki haihesabiki. Kinachohesabika ni eneo la mkato wa metali iliyo ndani, ndiyo maana waya huuzwa kwa milimita za mraba: 1.5, 2.5 na kadhalika.

"Kipenyo kikiwa mara mbili, ukinzani unakuwa nusu." Unakuwa robo, kwa sababu eneo la mkato limeongezeka mara nne. Urefu ndio unaokwenda sambamba na ukinzani, na hapa wengi hupiga hesabu nusu. Mita 100 za waya wa shaba wa 1.5 zina ukinzani wa takriban omu 1.1. Lakini mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo kifaa kilicho umbali huo kinategemea mita 200 za waya. Kikivuta ampea 10, volti 22 hivi zinaishia njiani. Kwa waya wa 2.5, zinapotea kama 13.

"Kwa kupitisha umeme, dhahabu haina mpinzani." Inao wawili: fedha inaongoza, shaba inafuata kwa karibu sana. Dhahabu hupakwa kwenye viunganishi kwa kuwa haishiki kutu.

"Ukiongeza volti, unaongeza ukinzani." Kugawa volti kwa ampea ni njia ya kuupima ukinzani, si chanzo chake. Kinachowachanganya watu ni balbu ya zamani ya waya wa tungsteni. Ile ya wati 60 kwa volti 240 huwa na omu 960 ikiwaka. Ikiwa baridi, haifikishi hata sehemu ya kumi ya hizo. Aliyefanya kazi hapo ni joto: atomu zikitikisika zaidi, elektroni hupita kwa taabu. Shaba nayo huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi.

Ila msilifanye joto kuwa sheria ya vitu vyote. Silikoni hufanya kinyume, kwani joto huzifungua elektroni zaidi. Nikromu, metali ile ya kwenye hita, hubadilika kidogo tu.

"Kuviringisha waya huongeza ukinzani." Kwa umeme wa betri, haubadiliki kwa kuviringishwa. Ekstensheni iliyoachwa kwenye kibiringo chake huku ikivuta mzigo mkubwa hupata moto kwa sababu joto lake halina pa kutokea, na hilo joto ndilo linalopandisha ukinzani.