Paka wako mdogo ana mimba na fedha ni kidogo: uanzie wapi

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne tu, wakati ambapo mwenye paka bado anamhesabu kuwa mtoto. Mimi ni daktari wa mifugo, na ninafanya kazi upande wa Temeke, Dar es Salaam, ambako wengi wanaoniletea paka ni watu wanaoishi kwa kipato cha siku: mama lishe, mafundi cherehani, waendesha bodaboda na wanafunzi waliopanga chumba kimoja. Wanachoniuliza kwa maneno tofauti ni kimoja, kwamba paka amepata mimba bila mtu kupanga na fedha za kumhudumia hazipo. Jibu langu ni kwamba kulea mimba ya paka hakuhitaji fedha nyingi kama wanavyohofu, na kuzaa kwenyewe mara nyingi hakuhitaji daktari; kwa hiyo fedha kidogo iliyopo ielekezwe kwenye operesheni ya kumfunga kizazi, ama sasa mimba ikiwa bado changa, ama baadaye watoto wakishaachishwa maziwa.

Mwenye paka asijilaumu. Katika nchi za mbali na ikweta majike hupumzika miezi ya baridi kwa sababu mchana unakuwa mfupi, lakini kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana, na hivyo jike huingia kwenye joto, yaani hali ya kutaka dume, mwaka mzima. Joto hilo hudumu siku chache, mara nyingi nne hadi saba, na asipopandwa hurudi tena baada ya wiki mbili au tatu. Watu wengi hudhani mnyama anaumwa tumbo, kwa maana hulia usiku kucha, hujigaragaza sakafuni na kuinua kiuno kila akipapaswa mgongo. Tena mayai ya paka hupevuka na kutoka kwa kuchochewa na kule kupandwa kwenyewe, jambo linalofanya mimba ishike kwa urahisi mkubwa, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Usiku mmoja wa dirisha lililoachwa wazi unatosha.

Jambo la kwanza ni kujua mimba ina umri gani, kwa sababu uamuzi wote unategemea hapo. Mimba ya paka huchukua takribani siku 63 hadi 65. Ikifika wiki ya tatu hivi, chuchu huvimba kidogo na kugeuka rangi ya waridi iliyokolea, na manyoya yaliyozizunguka hupungua. Hivi karibuni dada mmoja mshonaji aliniletea paka wake ndani ya tenga lililofunikwa kanga, akanisalimu na kuuliza, “Daktari, si bado mtoto huyu?” Nilimgeuza paka chali, nikamwonyesha chuchu mbili za nyuma zilivyokuwa zimechomoza kama vipele vyekundu, kisha nikalipapasa tumbo taratibu kwa vidole viwili na kuhisi vifundo vinne laini, kila kimoja kama ukubwa wa zabibu. Hiyo ilikuwa mimba ya karibu mwezi mmoja, na wala hatukuhitaji kipimo cha mawimbi ya sauti kuithibitisha. Naomba msijaribu kuminya tumbo nyumbani, kwani vifuko hivyo vya watoto vinaweza kupasuka. Kupapasa kwa daktari ni huduma ya bei ya chini, na hapo ndipo ningependa shilingi ya kwanza itumike.

Mimba ikiwa bado katika nusu ya kwanza, daktari anaweza kumfunga kizazi paka huyo huyo na mimba ikaondoka pamoja na mfuko wa uzazi. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wengi hawajui kwamba linawezekana, na wengine wanaona aibu kuuliza. Kwa jike wa miezi mitano aliyekonda, ambaye mifupa yake yenyewe haijamaliza kukua, mimi hupendekeza njia hii: hudungwa dawa ya usingizi mara moja, gharama ni moja, na hakuna watoto wanne wa kutafutiwa makao. Bei inaweza kuzidi kidogo ile ya kawaida, kwa kuwa mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi imekwisha kunenepa na kazi inahitaji uangalifu zaidi. Wiki za mwisho nasita, na madaktari wengi husita. Wapo pia wenye paka ambao kwa imani yao au kwa huruma yao hawapendi mimba iondolewe, nami nauheshimu uamuzi huo bila kumshurutisha mtu.

Nisichokubali ni njia za mkato. Vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu, ambavyo baadhi ya watu huvisaga na kuchanganya na chakula, haviondoi mimba, na homoni zilizomo zinaweza kusababisha usaha kujaa katika mfuko wa uzazi na baadaye uvimbe wa matiti. Matibabu ya ugonjwa huo wa usaha ni operesheni ya dharura, na hapo mtu aliyekuwa anakwepa gharama hujikuta analipa kubwa zaidi, au anampoteza mnyama.

Ukiamua mimba iendelee, kazi yako kubwa ni chakula. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na zipo virutubisho, taurini mojawapo, ambavyo hawezi kuvipata kwenye nafaka. Jike mwenye mimba anayelishwa ugali uliorowekwa mchuzi huweza kuharibu mimba au kuzaa watoto dhaifu. Chakula cha makopo si lazima. Dagaa ndio nguzo ya ushauri wangu, kwa sababu huliwa wazima na mifupa yao, na mifupa hiyo ndiyo inayompa madini ya chokaa ambayo nyama tupu haina ya kutosha. Wapepete kwanza, maana dagaa wa ziwani mara nyingi huanikwa mchangani. Wale wa baharini, ambao huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, waloweke kidogo katika maji ya moto na kuyamwaga maji hayo. Kisha wachemshe kwa maji machache, waponde, na supu yao uichanganye na chakula badala ya kuitupa, kwa kuwa sehemu ya taurini huyeyukia humo. Ugali uwe kiasi kidogo cha kujazia tu. Siku nyingine mpe firigisi na utumbo wa kuku uliosafishwa na kuchemshwa, au minofu iliyobaki kwenye vichwa vya samaki, ukiondoa miiba. Maini ni mazuri kwa kipande kidogo mara moja kwa wiki, lakini yakiwa chakula cha kila siku vitamini A huzidi na kudhuru watoto tumboni.

Ongeza chakula polepole kadiri mimba inavyokua, na wiki za mwisho kigawe mara nne au tano kwa siku, kwa sababu tumbo lililojaa watoto halina nafasi ya mlo mkubwa. Akianza kunyonyesha anaweza kuhitaji mara mbili hata tatu ya chakula chake cha kawaida, na hapo ndipo matumizi yatakapopanda kwelikweli, kwa hiyo msishangae. Mabaki ya pilau na mchuzi wenye vitunguu au kitunguu saumu msimpe. Vitu hivyo huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, na maji safi yanamtosha.

Kuhusu minyoo, tafuta dawa ya paka katika duka la dawa za mifugo baada ya kumweleza daktari au afisa mifugo wa kata kwamba ana mimba, kwani minyoo hupita kwa watoto kupitia maziwa. Viroboto navyo si vya kudharau, maana vinaweza kunyonya damu ya mtoto wa paka hadi akafa. Chanua manyoya kwa kitana chenye meno ya karibu, uvizamishe viroboto katika maji ya sabuni, na matandiko yafuliwe na kuanikwa juani. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na dawa za viroboto za mbwa msizitumie kabisa, kwa kuwa nyingi zina sumu ambazo mwili wa paka hauwezi kuzivunja. Na akionekana ana homa au maumivu, msimpe paracetamol hata robo kidonge. Dawa hiyo humuua paka.

Sasa nirudi kwenye fedha. Tangu siku unayogundua mimba ya mwezi mmoja hadi watoto waache kunyonya kuna takribani miezi mitatu, na muda huo ni msaada. Anayeweka shilingi 500 kila siku kwenye kibubu au kwenye simu atakuwa na shilingi 45,000 baada ya siku 90, na mtu akija na kiasi fulani mkononi, akaeleza hali yake mapema, madaktari tunaelewana naye kuhusu kiasi kinachobaki kwa wepesi kuliko anayefika saa nne usiku mnyama akiwa hoi. Walio Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako wanafunzi hujifunza chini ya walimu wao. Nairobi ipo KSPCA, chama cha Kenya cha kulinda na kutunza wanyama. Wengine waulize ofisi ya mifugo ya wilaya kama kuna kambi ya kufunga uzazi kwa bei nafuu, na waulize tena chanjo ya kichaa cha mbwa ifikapo 28 Septemba, siku ya kimataifa ya ugonjwa huo, kwani mara nyingi kampeni za chanjo hufanyika wakati huo.

Kuzaa kwenyewe huhitaji boksi lililo mahali pa giza na pa kimya, lenye kanga kuukuu zilizofuliwa. Jike anayezaa kwa mara ya kwanza anaweza kuhangaika kutwa nzima, akihema, akikoroma na kuingia na kutoka. Muacheni, na watoto wa nyumbani wasimzunguke. Akianza kusukuma kwa nguvu, mtoto anapaswa kutoka ndani ya nusu saa. Nusu saa hiyo ikipita bila mtoto, au ukaona mtoto amekwama, uchafu wa kijani kibichi ukatoka bila mtoto yeyote, au damu nyekundu ikaendelea kutiririka, basi hiyo ni dharura, na majike wadogo wa umri wana nyonga nyembamba zinazohitaji kuangaliwa zaidi. Mwekeni katika boksi lenye matundu mje mara moja. Kiroba msikitumie, maana joto la ndani yake linaweza kummaliza njiani.

Mama akikosa kuupasua utando wa mtoto, upasue wewe kuanzia puani, mpanguse mdomo na umsugue kwa kitambaa kikavu mpaka alie. Mtoto mzima wa paka huzaliwa na gramu 90 hadi 110 hivi, na kila siku anatakiwa kuongeza gramu 10 au zaidi. Mwenye duka jirani akikuruhusu kutumia mizani yake ya kidijitali, utamgundua anayenyimwa chuchu kabla hajalegea. Dar es Salaam joto la hewa hutusaidia, lakini Njombe, Arusha au Nairobi wekeni chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa upande mmoja wa boksi, ili mama naye apate pa kukwepa.

Paka anayenyonyesha anaweza kupandwa tena wiki chache tu baada ya kuzaa, na kosa hili ndilo ninaloliona likiwarudisha watu mwanzo kabisa. Afungiwe ndani tangu siku anayozaa, hata akilia. Watoto waanze kulambishwa dagaa waliopondwa laini wakiwa na wiki nne, na kufikia wiki ya nane wawe wanakula wenyewe. Wapeni muda wa kushikwashikwa na watu tangu macho yanapofunguka, kwa sababu paka aliyezoea mikono hupata mwenyeji haraka. Msiwapeleke sokoni kwa matumaini kwamba wauza samaki watawalisha, kwani wengi wa wanaotupwa huko hawafiki umri wa kuzaa. Mama aletwe kufungwa kizazi wiki mbili baada ya maziwa kukauka. Kila mtoto anayeondoka aondoke na karatasi iliyoandikwa tarehe yake ya kuzaliwa, na anayempokea aelezwe kwamba mtoto akiwa jike anapaswa kufikishwa kwa daktari kufungwa kizazi akitimiza miezi minne, na chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akiwa na miezi mitatu.