Nyumba Zenye Huduma: Nani Anamlipa Ofisa Ustawi?

Kazi yangu hapa Marekani ni kupanga fedha za nyumba za kudumu zenye huduma, yaani majengo ambamo mtu aliyelala mitaani kwa miaka hupata chumba chake, mkataba wa upangaji kama wa mpangaji mwingine yeyote, na ofisa ustawi wa jamii wa kumsaidia. Jengo la namna hii huhitaji fedha za aina tatu, na kila aina ina mlango wake.

Za kujengea hutoka zaidi katika unafuu wa kodi ulioanzishwa kwa sheria ya 1986. (Kwa kuwa Kiswahili hutumia neno kodi pia kwa malipo ya nyumba, hayo nitayaita pango.) Serikali kuu haimpi mjenzi fedha taslimu, huyagawia majimbo haki ya kupunguza kodi, majimbo huchagua miradi kwa ushindani, kisha mjenzi hutafuta wawekezaji, mara nyingi benki, ambao hutoa mtaji sasa ili wapunguziwe kodi yao kwa miaka 10. Sharti ni kwamba nyumba hizo zibaki za watu wa kipato cha chini kwa angalau miaka 30.

Hata hivyo, kiwango cha juu cha pango hukokotolewa kwa kipato cha kati cha eneo zima, wala si kwa mfuko wa mpangaji, kwa hiyo asiye na kitu bado hawezi kulipa. Hapo huingia vocha: mpangaji hutoa takriban asilimia 30 ya kipato chake, na serikali hulipa kinachobaki. Mwenye dola 900 kwa mwezi hutoa dola 270 au pungufu.

Fedha za huduma ndizo zinazonikosesha usingizi. Medicaid, bima ya afya ya umma kwa watu wa kipato cha chini, kwa kawaida hailipi pango, ingawa majimbo yanaweza kuitumia kulipia kazi ya kumwezesha mpangaji asipoteze chumba chake, kama vile kuzungumza na meneja kabla deni halijageuka notisi ya kuhama. Ruzuku nyingine nyingi huombwa upya kila mwaka. Katika mradi mmoja niliohudumia, ruzuku ilichelewa, maofisa wawili wakaondoka, na wapangaji waliokuwa wagonjwa zaidi ndio waliotangulia kupoteza vyumba. Tangu hapo sikubali hesabu isiyo na akiba ya mishahara ya huduma, na fedha zisipotosha napunguza idadi ya vyumba kabla sijamgusa ofisa ustawi.