Asilimia ya Waliopimwa Chanya Si Kiwango cha Ugonjwa

Nimeletewa tena rasimu ya ripoti ambayo mwandishi wake amechukua idadi ya waliopimwa chanya, akaigawanya kwa idadi ya wote waliopimwa, na jibu akaliita kiwango cha ushamiri wa ugonjwa, yaani sehemu ya watu katika jamii walio nao kwa wakati fulani. Walikuwa 67 kati ya 1,000, na ile asilimia 6.7 ilikuwa imepigiwa mstari mara mbili. Nilipouliza unyeti wa kipimo (sehemu ya wagonjwa kinaowabaini) na umahususi wake (sehemu ya wasio wagonjwa kinaowapa majibu hasi), niliambiwa tu kwamba ni kipimo kizuri.

Kipimo chenyewe kilikuwa na unyeti wa asilimia 90 na umahususi wa asilimia 95, na kweli si kibaya. Lakini tuchukue jamii ambayo wagonjwa ni asilimia 2 tu. Katika watu 1,000 wagonjwa ni 20, na kipimo kitawabaini 18. Wasio na ugonjwa ni 980, na asilimia 5 yao, yaani watu 49, watapata majibu chanya ya uongo. Kumi na nane na 49 ni 67, idadi ile ile iliyopigiwa mstari, ingawa zaidi ya theluthi mbili ya watu hao hawaumwi.

Marekebisho yake yanajulikana tangu watafiti Rogan na Gladen walipochapisha kanuni yao mwaka 1978: jumlisha uwiano wa waliopimwa chanya na umahususi, toa 1, kisha gawanya kwa jumla ya unyeti na umahususi iliyotolewa 1. Hapa ni 0.017 kugawanya kwa 0.85, yaani asilimia 2. Kinachonisikitisha zaidi ni pale mtafiti anapopendekeza kuongeza sampuli badala ya kufanya hesabu hiyo, kwa kuwa ukipima watu 100,000 kwa kipimo hicho hicho utapata asilimia 6.7 ile ile, safari hii ikiwa na kadirio la masafa (kiwango cha chini na cha juu ambacho jibu linakadiriwa kuwa kati yake) jembamba linalompa msomaji imani kubwa katika namba isiyo sahihi. Ugonjwa unapokuwa adimu, umahususi ndio unaoamua kila kitu: ukishuka kutoka asilimia 99 hadi 97, kila watu 1,000 wanakuongezea karibu chanya 20 za uongo. Kwa hiyo nasisitiza, hata nikionekana msumbufu, umahususi uhakikiwe kwa watu wanaofanana na wale utakaowapima, na kabla ya utafiti kuanza, kwani takwimu za mtengenezaji mara nyingi hutokana na watu wa mazingira mengine. Kanuni ya Rogan na Gladen ikikupa jibu lililo chini ya sifuri, usiandike sifuri ukaendelea. Chunguza kwanza umahususi uliouamini.

Wengine hudai kwamba sampuli lazima iwe asilimia 10 ya watu wote. Si kweli. Kwa sampuli nasibu sahili, ambayo kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa kwa bahati nasibu, watu wapatao 385 hutosha kukadiria uwiano kwa ukingo wa pointi 5 za asilimia, jamii iwe ya laki moja au ya milioni hamsini; ukichagua kwa vishada, yaani makundi mazima kama vijiji, zidisha kwa athari ya usanifu, namba inayofidia kufanana kwa watu wa kundi moja.

Kutompata mgonjwa hata mmoja katika watu 300 pia hakuthibitishi kwamba ugonjwa haupo, kwa sababu ushamiri bado unaweza kufikia asilimia 1: kanuni ya makadirio hapa ni kugawanya 3 kwa idadi ya waliopimwa, yaani 3 kwa 300.

Wala ushamiri ukipanda si lazima maambukizi mapya yawe yameongezeka: dawa za kufubaza VVU huwaongezea watu miaka ya kuishi, na kila aliye hai na virusi anaendelea kuhesabiwa.