Usaha kwenye goti bandia hutoka wapi?

Ndugu wa wagonjwa huniuliza kwa sauti ya chini, mlangoni mwa wodi: "Daktari, kwani vyombo havikuchemshwa?" Siwalaumu. Mzee wao amechangiwa na ukoo mzima, kawekewa goti jipya, na sasa goti hilo limevimba, lina moto na linavuja.

Huwa naanza na chuma chenyewe. Nyama hupitiwa na damu, na damu ndiyo hubeba chembe za kupambana na vijidudu. Chuma hakina damu. Mwaka 1957 watafiti wawili wa Uingereza, Elek na Conen, waliwadunga watu waliojitolea bakteria wa stafilokoka. Kwenye ngozi tupu yalihitajika mamilioni ndipo usaha utunge. Palipokuwa na uzi wa kushonea, mamia machache yalitosha. Uzi tu, sembuse goti zima!

Bakteria wakishatua kwenye chuma hujifunika utando, kama ule utelezi unaoushika ndani ya ndoo iliyokaa na maji siku nyingi. Antibiotiki huua walio nje, homa hushuka, watu wanashukuru. Vidonge vikiisha, waliojificha chini ya utando wanaanza upya.

Wengi wao hutoka kwenye ngozi na pua ya mgonjwa mwenyewe. Wengine hutoka kwetu sisi tulio chumba cha upasuaji, au hewani. John Charnley, aliyetupa nyonga bandia ya kisasa pale Wrightington, Uingereza, alisumbuliwa na usaha mpaka akajitengenezea chumba chenye hewa iliyochujwa, na maambukizi yakapungua sana. Kwa hiyo swali la ndugu si la kipuuzi. Ndiyo maana pia antibiotiki hupita kwenye mshipa ndani ya saa moja kabla hatujapasua. Na ndiyo maana huwa nakasirika mgonjwa akifika kajinyoa goti kwa wembe usiku wa jana, eti anatusaidia kazi. Wembe huacha mikwaruzo, na bakteria huzaliana humo.

Hata tukifanya yote hayo, kati ya watu 100 wanaowekewa nyonga au goti kwa mara ya kwanza, mmoja au wawili hupata maambukizi. Kati ya wanaorudiwa upasuaji, wanaoambukizwa huwa wengi zaidi. Katika yanayoongeza hatari hiyo, kwangu mimi sukari isiyodhibitiwa ndiyo inatangulia. Sigara, unene uliopitiliza, lishe duni na dawa za steroidi za baridi yabisi zinafuata. Kuna na vijana wenye selimundu, ambao nyonga zao zimekufa kwa kukosa damu wakiwa hawajafika hata miaka 30. Hao nawaandaa kwa uangalifu zaidi. Mwenye VVU ambaye virusi vimefubazwa simkatalii.

Jambo moja watu hawalitaji mpaka niwaulize: sindano ya steroidi ndani ya goti. Ikiwa haijapita miezi mitatu, naahirisha. Mzee mmoja alinijia juu: "Ile si ya maumivu tu, daktari?" Nilimrudisha nyumbani hivyo hivyo.

Maambukizi yanaweza pia kuja miaka baadaye, kupitia damu. Namkumbuka bibi mwenye sukari aliyekuwa akitembea vizuri kwa mwaka wa tatu, akapata kidonda unyayoni. Goti likavimba ghafla. Duka la dawa likampa amoksilini. Alipofika kwangu wiki kadhaa baadaye, nilivuta maji ya goti yakapelekwa maabara, lakini hakuna kilichoota. Vidonge vilikuwa vimeficha mhusika bila kumuua. Angekuja siku zile za mwanzo, kabla ya dawa, huenda tungesafisha tu na kubadilisha kipande cha plastiki kinachokaa kati ya vyuma vya goti. Ikabidi tufungue mara mbili: kwanza kung'oa vyote na kuweka saruji yenye antibiotiki, kisha, baada ya wiki nyingi za dawa, kuweka goti jingine. Lile la kwanza lilikuwa limeshika mfupa sawasawa. Nililitoa kwa patasi.